Ile Mbili Ina Kizio

Jioni moja kabla ya mtihani, jamaa ninayekaa naye chumba kimoja, anayesoma uhandisi ujenzi, alinifuata kimbwetani. "Ticha, nisaidie hesabu tu, mambo ya zege niachie mwenyewe."

Fomula ilikuwa Ec = 57,000√f'c, ya mwongozo wa Marekani uitwao ACI 318. Ec ni ugumu wa zege, yaani linavyokataa kubonyea. F'c ni nguvu yake ya kubeba mgandamizo. Zege lake lilikuwa la megapaskali 25. Kipeuo cha pili ni 5, jibu 285,000. Tukaandika megapaskali, tukafurahi.

Yeye ndiye aliyeshtuka kwanza. Chuma chenyewe kina kama megapaskali 200,000! Yaani zege letu limezishinda nondo zilizomo ndani yake.

Kuzidisha tulizidisha vizuri. Kosa lilikuwa kwenye 57,000, niliyoiona kama namba tupu. Mkazo una kizio, tuseme pauni kwa inchi mraba. Ukiutoa kipeuo cha pili, kinachobaki si mkazo tena. Ili Ec iwe mkazo, ile nusu iliyopotea lazima ibebwe na 57,000, nayo imejificha humo kimyakimya. Fomula hii haikutoka kwenye sheria ya fizikia. Watu walipima zege maabara, wakaweka nukta kwenye grafu, wakapitisha mstari. Walipima kwa pauni na inchi, basi namba ikazaliwa nazo. (Humo humo kuna hata uzito wa zege la kawaida, kama pauni 145 kwa futi ya ujazo.)

Megapaskali 1 ni pauni 145 kwa inchi mraba. Kwa hiyo unagawanya 57,000 kwa kipeuo cha pili cha 145, karibu 12, siyo kwa 145 yenyewe. Unapata 4,700 na ushee. Mwongozo wa vizio vya kimataifa huandika 4,700. Jibu letu likashuka hadi 23,500.

Kilichonikosesha usingizi ni fomula ya ukurasa uliofuata: uwezo wa zege la boriti kuhimili nguvu ya kukata, 2√f'c. Kwa megapaskali ile 2 inakuwa 0.17. Ukiisahau, unaandika 10 badala ya 0.85, na namba 10 haimshtui mtu. Boriti unaihesabia mara 12 ya uwezo wake, na boriti ikikatika kwa namna hiyo hukatika ghafla.

Mwaka jana, kwenye mazoezi ya kufundisha, niliwaambia Kidato cha Tatu kwamba namba inayotangulia kwenye fomula haina yuniti. Binti mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona 9.8 inayo?" Nikamjibu hiyo ni tofauti, tuendelee. Hakuuliza tena kipindi kile.