Mtaa Ukijitenga, Umoja Umevunjika?

Swali: Waumini wa mtaa wetu, wilayani Chamwino, wanaomba kuwa parishi inayojitegemea. Wazee wanasema huko ni kuvunja umoja. Je, ni kweli?

Jibu: Si lazima. Dayosisi ya Central Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1927, imezaa Morogoro (1965), Mpwapwa (1991) na Kondoa (2001), na zote zimebaki ndani ya Kanisa Anglikana la Tanzania. Kugawana eneo hakukuwa kugawana imani. Kinachovunja umoja ni namna: vikao vya siri, kuzuia sadaka ili kushinikiza, kumvutia kasisi upande mmoja. Wazee wana hoja moja nzito, nayo ni fedha: mtaa wenye uwezo ukiondoka, parishi mama huenda ikashindwa kumtunza kasisi, hasa mwaka ambao mvua imekatika mapema na uwele haukukomaa. Lakini hoja hiyo inadai mpango, si katazo. Kubalianeni kipindi ambacho mtaa utaendelea kuchangia. Katika Matendo 6, kanisa la Yerusalemu lilipokea manung'uniko kuhusu wajane bila kuyaita uasi, likaongeza watumishi. Waombaji nao wapimwe: anayedai parishi huku hahudhurii hata kikao cha halmashauri (na wa namna hiyo hawakosekani) bado hajaonyesha kujitoa.