Kabla Hujalipia Kompyuta Moja ya Watu Ishirini

Kwa shule au stationery ya Mhunze, mpango wa seva moja na viboksi ishirini (vifaa vidogo vinavyounganisha skrini na kibodi na seva) una mantiki. Kiboksi hakina diski, wala feni ya kuvuta vumbi ndani. Kinakula wati chache tu za umeme, na kikifa unachomeka kingine, kazi ya mwanafunzi unaikuta salama kwenye seva. Ninachokusihi ni hiki: usitoe hela mpaka uone leseni. Profoma inaweza kutaja vyuma peke yake, na aliyetengeneza kiboksi si lazima awe ndiye mwenye programu unayoiona kwenye skrini.

Hata kampuni kubwa ziliwahi kubanana hapo. Citrix ya Marekani ilipata kwa Microsoft haki ya kutumia Windows NT, ikaiongezea uwezo wa kuhudumia watu wengi kwa pamoja, ikaiuza kwa jina la WinFrame mwaka 1995. Februari 1997 Microsoft ikaiambia kwamba huenda ikatengeneza ya kwake, na hisa za Citrix zikaporomoka zaidi ya nusu kwa siku moja. Mwezi Mei wakaafikiana: Microsoft itoe dola milioni 75 kwanza, na baadaye hadi milioni 100 nyingine, ipate teknolojia ya Citrix. Mwaka uliofuata ikatoka Windows NT Terminal Server, mama wa mfumo unaouziwa leo.

Sasa kaa na fundi wako, muulize seva itatumia Windows ipi. Akisema Windows 10 au 11 ya kawaida, simamisha mazungumzo. Hizo zinaruhusu mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, na ili zikubali ishirini inabidi faili la mfumo wa Windows lichakachuliwe. Hiyo ni kuvunja masharti ya leseni, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 inazilinda programu za kompyuta pia.

Akisema Windows Server, dai leseni za aina tatu: ya seva yenyewe, ya kuifikia seva, na ya kufanyia kazi juu yake kwa mbali, ile iitwayo RDS CAL. Hii ya tatu ndiyo inayoumiza watu. Microsoft inakupa siku 120 za kutumia bila kuiweka, kwa hiyo siku ya uzinduzi kila skrini inawaka, wageni wanapiga makofi, na mwezi wa nne ukiisha viboksi vinakataliwa kuingia. Shuleni chukua RDS CAL ya kifaa, si ya mtu: viboksi ishirini vinatosheleza mikondo yote inayopokezana. Toleo lake lisiwe la zamani kuliko seva, maana halitakubaliwa.

Usiridhike na karatasi. Kwenye seva andika slmgr /xpr. Ukionyeshwa tarehe ya mwisho, omba maelezo, huenda umewekewa toleo la majaribio. Kisha fungua RD Licensing Diagnoser uhesabu leseni zilizopo. Office nayo ina masharti yake: ile ya dukani ya kompyuta moja hukataa kabisa kufunguka kwenye seva ya namna hii.

Bajeti ikigoma, mimi ningechagua LTSP bila kusita. Ni mfumo wa Linux ulioanza mwaka 1999, hauna ada ya leseni, unafufua hata kompyuta kuukuu zilizorundikwa stoo, na LibreOffice inatosha kumfundisha mtoto kuandika barua na kupanga hesabu kwenye jedwali. Gharama yake ni fundi anayeijua Linux. Mtafute kabla ya kununua chochote.

Mkataba utaje kila leseni na idadi yake, iandikwe jina la shule na si la fundi, na sehemu ya malipo ibaki mkononi mwenu hadi siku ya 121.