Mafunzo Niliyopata Chini ya Pikapu Kuukuu

Pikapu yangu ni Toyota Hilux ya kebini mbili, ya mwaka 1994. Njia yake ya kila wiki ni Mamboleo, Miwani, Chemelil mpaka nyumbani Muhoroni. Kiwanda cha kwanza cha sukari nchini Kenya kilijengwa Miwani mwaka 1922, cha Muhoroni kikafuata 1966, na cha Chemelil 1968. Kwa hiyo trela za miwa zimezikanyaga barabara zetu kwa vizazi kadhaa, na mwenye gari huku hahitaji kuelezwa shimo ni nini. Mwaka jana pikapu ikaanza kugonga. Nikivuka reli, gudu! Nikikanyaga breki, gudu tena, kama mtu aliyelala nyuma akigeuka kitandani.

1. Sauti ya gari haitoki unakoisikia.

Mimi niliisikia mbele, chini ya miguu, nikahukumu kwamba ni shoki. Nikanunua mpya mbili. Kelele ikabaki. Nikabadilisha bushi za springi, kelele ikabaki. Hatimaye fundi mmoja mzee wa hapa mjini hakugusa spana hata moja. Alimwambia kijana wake afungue mlango wa dereva na kuutikisa juu chini, yeye akalala chini na tochi. Alipotoka alikuwa anacheka.

"Mwalimu, hili si gari moja. Ni mawili, na yameachana."

Alikuwa na maana ya chesi na bodi. Magari kama Corolla hayana chesi ya peke yake. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Lakini Hilux, Land Cruiser na Land Rover za zamani zina chesi ya chuma chini, na bodi imekalishwa juu yake kwa bolti. Kwenye Hilux yangu, katikati ya chuma na chuma kuna raba nene: moja juu ya kikono cha chesi, nyingine chini yake, na bomba fupi la chuma linalopita katikati kuishika bolti. Raba zangu zilikuwa zimeisha, bodi ikawa inaikalia chesi yenyewe. Ndiyo maana ilikuwa lazima kuuinua kidogo mlango wa dereva ndipo ufunge. Nilikuwa nikiulaumu uzee wa bawaba.

2. Niliziua mwenyewe, tena kwa upendo.

Hili ndilo lililoniuma. Kila mvua za masika zikiisha, nilikuwa napeleka pikapu kuoshwa chini, kisha naambia vijana wapulize chesi kwa dizeli iliyochanganywa na oili chafu ili isishike kutu. Nusu ya madereva ninaowajua hufanya hivyo. Chuma hufurahi. Raba hailingani na chuma: oili na dizeli huingia ndani yake, ikavimba, ikalegea, ikaanza kumeguka kama mandazi yaliyolowa chai. Fundi aliitoa raba ya nyuma kwa vidole. Juu yake kulikuwa na udongo mweusi wa tambarare za Kano ulioganda pande zote, umeshika maji dhidi ya chuma, na kutu imekula kikono chenyewe. Yaani dawa niliyopaka iliua raba, na udongo uliokuwa chini ya dawa hiyo ukaendelea kula chuma kwa raha zake. Sasa naosha kwa maji na sabuni tu, naondoa udongo kwa kijiti, na nikitaka kukinga chuma napaka kwa brashi, mbali na raba.

3. Mkanda wa kiwandani si raba ya bodi.

Sisi watu wa huku tairi likizeeka halitupwi. Hugeuka akala, hugeuka kamba ya kufungia mzigo. Basi rafiki akaniletea kipande cha mkanda mkuukuu wa kiwandani, mnene kweli, akasema, "Omera, hiki kitakuzika." Tulikata viraba viwili vya majaribio. Tatizo la mkanda huo ni tabaka za kitambaa ndani yake: umetengenezwa usivutike, na hautaki kubonyea pia. Kelele ilipungua, lakini kila jiwe la barabarani nikalisikia kwenye meno. Nilivitoa baada ya siku nne.

Raba sahihi ziliagizwa kutoka Kirinyaga Road, Nairobi, kule wazee bado wanakoita Grogan. Na hapo nikajifunza jambo jingine: usitume raba kuukuu iwe sampuli ya urefu. Imebonyea kwa miaka, kimo chake ni cha uongo. Tuma namba ya modeli iliyoandikwa kwenye kibati cha gari.

4. Bolti ndiyo kazi. Raba ni dakika mbili.

Siku nzima ya kwanza tulipigana na bolti. Nyingine nati yake imechomelewa ndani ya bodi, huioni. Ukilazimisha, nati huachia mahali pake na kuzunguka pamoja na bolti, na hapo huna pa kushika. Ilitutokea mara moja tu, upande wa abiria nyuma, tukalazimika kuinua kapeti na kukata tundu dogo sakafuni ili spana ifike. Nashauri hivi: siku tatu kabla, safisha nyuzi kwa brashi ya waya na uzilowanishe kwa mafuta ya kulegeza kutu. Hapa mafuta hayana hatia, kwa kuwa raba kuukuu inatupwa. Siku ya kazi, bolti ikigoma, irudishe kidogo kama unakaza, kisha ilegeze. Moto wa gesi ni wa mwisho kabisa, na si karibu na tangi la mafuta. Fundi wangu aliukataa kata kata.

5. Bodi haiinuliwi kama mkungu wa ndizi.

Tulitoa bolti za upande mmoja, za upande wa pili tukazilegeza bila kuzitoa, ndipo jeki ikaingia, na ubao mpana juu yake ili sakafu isibonyee. Inainuliwa kidogo tu, raba ipate kupita. Na kila inchi, mtu mmoja anaangalia: mhimili wa usukani, waya wa athi, mipira ya breki, kebo ya hendibreki, na zaidi ya yote feni. Feni iko kwenye injini, injini iko kwenye chesi, lakini rejeta na kava yake huinuka na bodi. Injini ikiwashwa kabla bodi haijakaa sawa, feni inaweza kukata kava. Na mkono usipite kati ya bodi na chesi, hata kwa sekunde moja, hata kama raba imeanguka.

6. Badilisha zote.

Raba mpya moja kati ya kuukuu hubeba mzigo wa wenzake, na bodi hukaa upande.

7. Rudi chini tena.

Tulikaza mpaka bomba la katikati likabana vizuri, kwa kipimo cha kitabu cha gari, si kwa nguvu za kijana. Baada ya wiki tatu za barabara za Chemelil na Koru nililala chini tena na spana. Bolti mbili zilikuwa zimelegea, raba zikiwa zimekaa.

Mlango wa dereva sasa unafunga kwa kidole. Zile shoki nilizozitoa mwanzo nikidhani zimekufa nilimpa jirani, akazifunga kwenye Hilux yake, na mpaka leo zinafanya kazi.