Kazi ya kuwasaidia wanafunzi walioacha ulevi

SWALI: Nimemaliza kidato cha sita, naishi Nangwa, Hanang. Kaka yangu alikatisha chuo kwa pombe, sasa ameacha. Nataka kuwasaidia wanafunzi kama yeye. Nisomee nini?

JIBU: Mpe kaka hongera zangu. Somea ustawi wa jamii au unasihi. Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, ipo tangu 1973. Vyuoni kazi hii hufanyika chini ya mshauri wa wanafunzi. Ujitolee pia kwenye soba hausi (nyumba ya waraibu wanaopata nafuu) au kliniki ya methadoni, tiba ya uraibu wa heroini (si wa pombe) iliyoanza Muhimbili mwaka 2011: kwa kawaida mgonjwa hunywa dozi mbele ya mhudumu wa afya, kila siku. Hapo utajifunza subira. Ukiajiriwa chuoni, anza na malazi: aliyeacha pombe asirudishwe chumba kimoja na wanywaji.