Mforosadi wa Nyumbani: Upate Matunda, Si Majani Matupu

Kwenye nyua nyingi za Afrika Mashariki mforosadi umesimama mrefu kupita paa, umejaa majani, na watoto wanagombania matunda mawili matatu ya matawi ya chini. Ya juu ni ya ndege na popo. Mti wa namna hiyo mara nyingi si mgonjwa, wala haudai mbolea. Umekosa mkasi. Kijitabu hiki kinamwelekeza mwenye kiwanja kidogo namna ya kuupanda na, zaidi ya hapo, namna ya kuukata.

Chagua mti mama

Mforosadi ni wa ukoo mmoja na mfenesi, mshelisheli na mvule; ndiyo maana ukivunja jani lake hutoka utomvu mweupe. Unaolimwa zaidi ni mforosadi mweupe, wenye asili ya Uchina, na jina lisikudanganye: unaweza kuzaa forosadi nyeusi tii. Majani yake ndiyo chakula cha viwavi wa hariri, na aina nyingi zilizoenezwa kwa kazi hiyo zilichaguliwa kwa wingi wa majani, si kwa utamu wa tunda. Tena ipo miforosadi dume, inayotoa maua na chavua bila kuzaa kabisa. Kwa hiyo usichukue kipando kwa mti usioujua. Onja tunda lake kwanza.

Kupanda

Mbegu huchelewesha na haziaminiki. Mvua zinapoanza, kata vipande vya tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hadi 25, vyenye macho matatu au manne. Chini kata mshazari, juu kata sawa, usije ukavipanda kichwa chini. Pukutisha majani, kisha fukia macho mawili kwenye kiriba au kitalu chenye kivuli.

Baada ya siku chache utaona majani machanga. Usifurahi mapema wala usivute kipando kutazama: majani hayo yanatumia akiba iliyomo kwenye mti, mizizi bado. Mwagilia kwa kiasi, subiri kama miezi mitatu, ndipo uhamishie kwenye shimo la sentimita 60 lililochanganywa samadi iliyooza. Acha mita nne au tano kati ya mti na mti. Mizizi yake husambaa, kwa hiyo kaa mbali na ukuta, karo la maji machafu na bomba. Kaa mbali na kamba ya kuanikia nguo pia. Doa la forosadi halina huruma.

Mkasi

Maua hutoka pamoja na majani machanga, kwenye vichipukizi vipya. Tawi lisiloguswa hurefuka tu, na vichipukizi vyake huhamia kileleni usikofika. Mche ukifika mita moja, kata ncha na uache matawi matatu au manne yaliyotawanyika. Tangu hapo, kila baada ya mavuno, fupisha matawi ya msimu uliopita ubakishe macho machache, na mti usizidi kimo cha mkono wako ulioinuliwa.

Ukishakata, pukutisha majani yaliyobaki na umwagilie. Vichipukizi vitatoka na matunda yake, na kwa kawaida utachuma baada ya miezi miwili au mitatu. Mwenye miti miwili akate mmoja leo na mwingine mwezi ujao, asije akalemewa na matunda ya siku moja. Matawi manene yaache, maana kidonda chake hutoka utomvu mwingi na huchelewa kupona. Samadi nyingi kupita kiasi nayo huleta majani tu.

Kuchuma na kula

Forosadi iliyoiva huachia kwa kuguswa. Tandika shuka kuukuu chini, tikisa tawi taratibu. Chandarua chenye dawa ya mbu kisitumike, iwe kukinga matunda au kufunika mti. Dawa za kupuliza wadudu tunazikataza pia wakati wa matunda: forosadi hailiwi kwa kumenywa.

Weka kwenye chombo kifupi, osha wakati wa kula tu. Bila jokofu hazipiti siku mbili, na ndiyo sababu huzioni sana sokoni. Zinazozidi zigandishe, au zipike jemu kwa nusu kilo ya sukari kwa kila kilo, pamoja na maji ya limau. Matunda mabichi na utomvu huweza kuvuruga tumbo, watoto waambiwe.

Watu husifu chai ya majani yake kwa kisukari. Mgonjwa asiache dawa zake kwa ajili ya chai hiyo, na amweleze daktari kama anainywa.

Majani uliyopunguza wape mbuzi au sungura. Miche inayoota ovyo kutokana na kinyesi cha ndege ing'oe ikiwa midogo. Afrika Kusini mforosadi mweupe umo kwenye orodha ya mimea vamizi. Na kama mti wako unazaa vizuri, matawi uliyokata usiyachome: yafunge mafungu, uwape majirani wapande siku hiyohiyo.