Zamu ni ya Nani? Somo Kuhusu Kijistari Kinachopepesa

Leo ningependa tujifunze jambo ambalo wengi hulidharau kwa udogo wake: tunapoandika kwenye tarakilishi, herufi zetu huenda wapi?

Hebu fikiria stendi ya Kitale. Matatu za kwenda Bungoma zinaweza kuwa tatu, zote milango wazi, lakini inayopakia abiria ni ile yenye zamu. Ukiingia nyingine, utakaa humo mpaka uchoke. Fomu ya tarakilishi ni vivyo hivyo. Kwenye kiwambo kuna visanduku vingi: jina, nambari ya kitambulisho, nywila. Hata hivyo, ni kimoja tu chenye zamu ya kupokea unachobonyeza. Zamu hiyo wataalamu huiita fokasi. Utaitambua kwa kijistari kinachopepesa ndani ya kisanduku, na mara nyingi mpaka wa kisanduku hicho hugeuka rangi.

Je, zamu huhamishwaje? Unaweza kubofya kisanduku kwa kipanya, au utumie kibodi hivi:

1. Tab hukupeleka kisanduku kinachofuata. (Ni Tab, jamani, si tabu!)
2. Shift na Tab kwa pamoja hukurudisha nyuma.
3. Kile kitufe kirefu cha nafasi hutia au huondoa alama ya vema.
4. Vitufe vya mishale huchagua jibu moja kati ya kadhaa.
5. Enter, ukiwa ndani ya kisanduku cha mstari mmoja, mara nyingi hutuma fomu nzima. Usiitumie kuhamia kisanduku kingine.

Huenda ukasema, "Sasa hayo yana maana gani?" Yana maana sana. Katika saiba, mtu anayejaza fomu ya HELB huwa na foleni nyuma yake na dakika zinahesabiwa pesa. Akiandika bila kutazama, huku zamu ingali kwenye kisanduku cha jina, nywila yake itatokea wazi badala ya vitone, na walio nyuma watajisomea. Isitoshe, kabla ya mwaka 2016, mtumiaji wa Chrome aliyebonyeza kitufe cha kufuta wakati hakuna kisanduku chenye zamu alirudishwa ukurasa wa nyuma, na kazi aliyoijaza ingeweza kupotea yote. Mwaka huo ndipo watengenezaji walipoiondoa tabia hiyo. Haraka haraka haina baraka.

Aidha, kuna wenzetu wasioona. Wao hawawezi kufuata kipanya kwa macho, kwa hivyo hutegemea kibodi pamoja na programu inayosoma kiwambo kwa sauti. Mojawapo ni NVDA, isiyolipiwa, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye mwenyewe haoni. Kila zamu inapohama, programu hutaja kisanduku kilichoipokea. Basi, fomu ikikubali kipanya peke yake, au Tab ikiruka kutoka jina hadi mwisho wa ukurasa, mtu huyo amefungiwa mlango. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG 2.0, uliotolewa mwaka 2008, unataka mambo matatu: kazi zote ziwezekane kwa kibodi, zamu ifuate mpangilio wenye maana, na ionekane iko wapi. Nayo Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kupata habari.

Kwa hivyo, ninyi mnaosoma somo la Kompyuta, mkitengeneza fomu fanyeni jaribio hili. Wekeni kipanya kando, mwijaze fomu kwa kibodi pekee tangu mwanzo hadi mwisho. Mkipotea njiani, kosa ni la fomu, si la anayeijaza. Irekebisheni kabla hamjampa mtu mwingine.