Mwanga Usioonekana Wapima Dawa: Jinsi Leza ya Infraredi Inavyofichua Tembe Duni

Tembe mbili za paracetamol zimewekwa mezani. Zote ni nyeupe, zote ni za mviringo, na pakiti zote zimeandikwa miligramu 500. Moja ina dawa kamili. Nyingine imeongezwa chaki. Kwa macho haiwezekani kuzitofautisha, na hata mwuzaji mwaminifu anaweza kumpa mgonjwa ile duni bila kujua. Makala haya yanaeleza jinsi mwanga unavyotumiwa kuzitenganisha.

Kwa nini jambo hili ni muhimu

Mwaka wa 2017, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha wastani, dawa 1 kati ya 10 ni duni au ghushi. Dawa ya malaria yenye nguvu pungufu humwacha mtoto na homa huku wazazi wakiamini ametibiwa, na hurahisisha viini vya ugonjwa kuwa sugu. Mwaka wa 2012 mjini Lahore, Pakistan, zaidi ya wagonjwa 200 wa moyo walifariki baada ya kumeza tembe zilizokuwa zimechanganyika na pyrimethamine, ambayo ni dawa ya malaria.

Hapa nchini, Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo husajili dawa na kuzisimamia. Katiba ya 2010 nayo ilizipa kaunti jukumu la vituo vya afya na maduka ya dawa ya kaunti. Kwa hivyo ubora wa tembe inayomfikia mgonjwa zahanatini ni jambo linalomhusu kila mkaazi.

Mwanga wa infraredi ni nini

Mwaka wa 1800, mwanasayansi William Herschel alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembetatu ukagawanyika rangi mbalimbali. Alipoweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali ambapo hapakuonekana mwanga wowote, joto lilipanda. Mwanga huo usioonekana ndio infraredi. Joto analolihisi mtu akikaa karibu na jiko la makaa hutokana nao kwa sehemu kubwa.

Chembe za kila kitu hushikana kwa viungo ambavyo hutikisika daima. Kila aina ya kiungo humeza mwanga wa infraredi wa urefu wake maalumu wa wimbi. Paracetamol humeza sana penye mikromita 6 hivi. Chaki humeza karibu na mikromita 7, na wanga wa mahindi karibu na mikromita 10. Kwa kuangalia ni wapi mwanga umemezwa, mpimaji hupata alama ya dutu hiyo, mithili ya alama za vidole vya mtu.

Leza inaongeza nini

Mashine za kawaida za infraredi hutumia taa ya joto, ambayo hutawanya nguvu zake kwenye mawimbi mengi. Mwaka wa 1994, Federico Capasso, Jérôme Faist na wenzao katika maabara za Bell nchini Marekani walionyesha aina mpya ya leza inayotoa mwanga wa infraredi wenye nguvu katika wimbi linalochaguliwa. Mwanga huo huelekezwa kwenye unga au tembe, kisha kifaa hupima ule unaorudi. Kazi huchukua muda mfupi na haihitaji kemikali za kuyeyushia dawa.

Hatua za upimaji

1. Mpimaji hutayarisha unga wa kulinganishia wenye viwango vinavyojulikana vya dawa, kwa mfano asilimia 80, 90, 100, 110 na 120 ya kiwango kinachotakiwa.

2. Kila unga hupimwa kwa leza. Dawa ikiwa nyingi, mwanga unaomezwa pia huwa mwingi. Kompyuta huchora mstari unaounganisha viwango na mwanga uliomezwa.

3. Tembe za kuchunguzwa hupimwa uzani, kisha husagwa na kuchanganywa vizuri. Kusaga ni muhimu kwa sababu mwanga huu hauingii ndani sana. Tembe nzima yenye ganda la rangi inaweza kuonyesha ganda tu.

4. Unga hupimwa mara kadhaa na wastani wake kulinganishwa na ule mstari.

Mfano wa hesabu

Tembe ina uzani wa miligramu 600 na lebo inasema miligramu 500 za paracetamol. Leza inaonyesha kuwa asilimia 70 ya unga ni paracetamol. Asilimia 70 ya 600 ni miligramu 420. Ukigawanya 420 kwa 500, unapata asilimia 84 ya kilichoandikwa. Kiwango kinachokubalika katika kitabu rasmi cha dawa cha Uingereza ni kati ya asilimia 95 na 105. Tembe hiyo imeanguka.

Mipaka ya kifaa

Leza si mganga wa kila kitu. Pale ambapo kiini cha dawa ni kidogo mno ndani ya tembe, alama yake hufunikwa na vijazio. Unyevu pia huvuruga vipimo. Kifaa hakionyeshi kama tembe itayeyuka ipasavyo tumboni. Kwa sababu hiyo, tembe iliyotiliwa shaka hupelekwa kwenye maabara kamili ili kuthibitishwa kabla ya hatua za kisheria kuchukuliwa.

Wajibu wa mwananchi

• Nunua dawa kwenye duka lenye kibali cha Bodi, si kwa wachuuzi wa barabarani wala ndani ya matatu.

• Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi, maandishi yaliyokosewa na pakiti iliyofunguliwa.

• Dawa isipoleta nafuu, rudi kwenye kituo cha afya ukiwa na pakiti na tembe zilizobaki. Usiongeze kipimo mwenyewe, wala usizitupe, kwani hizo ndizo sampuli zitakazopimwa.